MOSHOESHOE, MUFALME WA BASOTHO ALIYEOMBA BENDERA YA WAGENI



Kwa toleo hili nilipewa kazi ya kuandika maisha ya mutu mukubwa wa zamani. Wenzangu walifikiri nitaandika juu ya Luther ao Livingstone. Nimemuchagua mwingine, Mwafrika, na sababu yake ni mabishano tuliyokuwa nayo siku moja kiisha masomo ya jioni. Tulikuwa tunabishana juu ya inchi ndogo zinazokaa kando ya jirani mwenye nguvu. Je, inchi ndogo iko na haki ya kutafuta rafiki mbali, kwa Wazungu, hata kama yule jirani anakataza? Mwenzetu mumoja wa kalasi ya tano alisema kwamba mufalme anayeita bendera ya wageni ni mwenye kuuza inchi, basi, neno limekwisha. Wengi walipiga mikono. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa sijui. Kiisha nikaenda kusoma, na haya njo niliyopata.

Moshoeshoe (tunasoma Moshweshwe) alizaliwa karibu na mwaka wa 1786 kule Menkhoaneng, upande wa kaskazini wa inchi inayoitwa leo Lesotho. Inchi ile ni ya milima mitupu, baridi yake ni kali, na teluji inaanguka huko wakati wa kipwa. Baba yake, Mokhachane, alikuwa chifu mudogo wa ukoo wa Bamokoteli, katika kabila la Bakoena, maana yake watu wa mamba. Mama yake aliitwa Kholu. Mutoto alipewa jina la Lepoqo. Watu wa kule wanaitwa Basotho, na mutu mumoja ni Mosotho. Katika luga yao mutu ni motho, na watu ni batho. Munaona, si mbali na batu ya kwetu.

Jina la Moshoeshoe alijipa yeye mwenyewe. Alipokuwa kijana alivamia ngombe za chifu mumoja, Ramonaheng, akazichukua, halafu akajisifu katika wimbo kwamba alimunyoa yule mutu ndevu. Moshoeshoe ni mulio wa wembe unapopita kwenye ndevu: shwe, shwe. Basi mutu ambaye dunia inamusifu juu ya amani, jina lake ni la kunyanganya ngombe. Sikutaka kuficha jambo hili. Wakati ule kijana ambaye hakuleta ngombe za watu nyumbani hakuhesabiwa kuwa mwanaume.

Wanasimulia kwamba alikuwa na hasira mingi, na kwamba aliua watu kwa makosa madogo. Babu yake Peete aliogopa juu yake, akamupeleka kwa muzee mumoja mwenye hekima, Mohlomi, chifu na muganga aliyetembea inchi nyingi. Kijana alitaka dawa ya kuwa mukubwa. Mohlomi alimujibu kwamba dawa ya ukubwa haiko, dawa ni moyo. Alimufundisha kusaidia maskini, kutoua watu wanaoshitakiwa ulozi, na kupenda amani kuliko vita. Mohlomi alikufa karibu na mwaka wa 1815, mbele taabu kubwa haijafika. Lakini mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kusikia.

Taabu ile Basotho wanaiita Lifaqane. Toka mwaka wa 1820 hivi, makabila yalianza kusukumana kama maji ya muto yanayopasua kingo. Wale waliofukuzwa na vita vya Wazulu walifukuza wengine, na wale wengine wakafukuza wengine tena. Mashamba yaliachwa, ngombe zikaliwa zote, na njaa ikafika mpaka watu wengine wakaanza kula watu. Moshoeshoe alikuwa amehamia mulima wa Butha-Buthe pamoja na watu wake kidogo. Kule Batlokoa, watu wa malkia MaNthatisi na mwana wake Sekonyela, waliwazunguka mpaka karibu kufa na njaa. Akaona mulima ule hautoshi. Mwaka wa 1824, mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, aliondoka na watu wake, wanawake, watoto na wazee, kuelekea kusini. Walifika ku mulima wenye ubavu wa mawe yaliyosimama kama ukuta. Juu ni tambarare, kuna majani ya ngombe na chemchemi za maji, na njia za kupanda ni chache tu. Waliuita Thaba Bosiu, Mulima wa Usiku. Hakuna adui hata mumoja aliyeushinda siku zote za maisha yake.

Katika safari ile muzee Peete alibaki nyuma, akakamatwa na wale wala watu, akaliwa. Kiisha walipokamatwa, kila mutu alingoja Moshoeshoe awaue. Alikataa. Alieleza kwamba matumbo ya watu wale njo kaburi la babu yake, na haifai mutu kuchafua kaburi la wazee wake. Akaamuru wafanyiwe desturi ya kutakasa kaburi, wakapakwa juu ya mwili yale yanayowekwa juu ya kaburi, halafu akawapa ngombe na mahali pa kulima. Wakaacha kula watu. Habari hii niliisoma mara tatu. Sisi tunasoma kila juma juu ya kusamehe, lakini huyu hakuwa ameona Biblia hata siku moja.

Ufalme wake aliujenga namna hiyohiyo. Mutu aliyefika kwake bila kitu alipewa ngombe za kukamua na kulima. Ngombe zilibaki mali ya mufalme, lakini maziwa ni ya yule mutu. Mupango ule unaitwa mafisa. Kidogo kidogo watu wa makabila mbalimbali, Wasotho, Wanguni, hata wale waliokuwa maadui, walianza kujiita Basotho. Maneno makubwa yaliamuliwa katika mukutano unaoitwa pitso, ambapo kila mwanaume aliweza kusimama na kumupinga mufalme mbele ya watu wote. Na majirani wenye nguvu alijua kuwatuliza. Kwa Shaka alituma zawadi. Mwaka wa 1831 askari wa Mzilikazi walipanda Thaba Bosiu, wakapigwa mawe na mikuki, wakashuka. Walipokuwa wanarudi na njaa, Moshoeshoe aliwatumia ngombe za kula njiani. Hawakurudi tena.

Sasa tunafika kwa Wazungu.

Wa kwanza walikuja na bunduki na farasi toka upande wa kusini, pamoja na watu wa rangi mbili waliozoea kupora. Moshoeshoe aliona bunduki inavyofanya, akauliza habari. Mwindaji mumoja, Adam Krotz, alimueleza kwamba kuna Wazungu wa namna nyingine, wanaofundisha watu, na kwamba mahali wanapokaa vita inapunguka. Akatuma ngombe ili anunue mumisionere mumoja. Tusicheke. Kwake, kitu cha maana kinalipwa na ngombe. Ngombe zile ziliporwa njiani, lakini neno lilifika.

Mwezi wa sita wa 1833 walifika watatu toka Misioni ya Kiprotestanti ya Paris: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na fundi wa kujenga, Constant Gosselin. Casalis alikuwa na miaka 20. Nataka wanafunzi wa kalasi ya sita wafikiri jambo hili vizuri: miaka 20, sawa na wengine kati yetu. Waliweka misioni ya kwanza Morija. Kiisha, mwaka wa 1837, Casalis alijenga chini ya Thaba Bosiu, na miaka mingi alikuwa kama waziri wa mufalme kwa mambo ya inchi za nje. Moshoeshoe hakujua kuandika. Alisema neno lake, na Casalis aliliandika na kulituma kwa magavana. Nyuma, mumisionere mwingine, Adolphe Mabille, aliweka mashini ya kupiga chapa Morija, na mwaka wa 1863 gazeti la luga ya Sesotho lilianza kutokea, Leselinyana la Lesotho. Sisi wa gazeti hili dogo la stensili tunaweza kulisalimu kama muzee wetu.

Mufalme alisikiliza mahubiri, akabishana na wahubiri, akawaacha wake zake waliobatizwa waende huru. Mwaka wa 1854 alikataza pombe kali ya Wazungu kuuzwa katika inchi yake, na mwaka wa 1855 akakataza kuua watu juu ya ulozi. Yeye mwenyewe hakubatizwa. Alikuwa na wake wengi, na nyuma ya kila muke kulikuwa ukoo uliofungwa naye. Kuwafukuza wote ilikuwa ni kuvunja inchi. Wamisionere waliumia moyo juu ya neno hili. Mimi ninawaelewa, na yeye pia ninamuelewa.

Toka mwaka wa 1836 Waboere walianza kuja. Hawa ni wazungu wa asili ya Uholanzi waliotoka koloni ya Cape kwa kuwa hawakutaka kutawaliwa na Wangereza. Walikuja na magari ya kukokotwa na ngombe, wakaomba majani na maji ng'ambo ya muto Mohokare, ambao Wazungu wanauita Caledon. Upande ule njo ulikuwa na udongo muzuri kabisa. Moshoeshoe aliwaruhusu kukaa kwa muda, kama mutu anavyomukaribisha mugeni. Kwa Basotho udongo hauuzwi. Ni wa kabila lote, na chifu anaugawa tu. Lakini mugeni alijenga nyumba ya mawe, akapanda miti ya matunda, akazaa watoto, na watoto wakasema kwamba shamba ni la baba yao.

Hapa Moshoeshoe alianza kutafuta rafiki mbali. Alifikiri hivi: Waboere wako karibu na wanataka udongo, Wangereza wako mbali, na malkia wao Victoria haji kulima Thaba Bosiu. Mwaka wa 1843 alifanya mapatano na gavana wa Cape, Napier. Alikubaliwa kuwa rafiki wa Wangereza, akapewa paundi 75 kila mwaka, kwa feza ao kwa bunduki na baruti, na mipaka yake ikaandikwa. Waboere walikasirika, wakasema hawawezi kukaa chini ya mapatano ya mutu mweusi.

Lakini rafiki wa mbali naye ana shauri lake. Mwaka wa 1848 gavana mwingine, Harry Smith, alitangaza kwamba inchi yote kati ya mito Orange na Vaal ni ya Wangereza, na mwaka wa 1849 mukubwa wao, Warden, akachora mupaka mupya uliowapa Waboere mashamba mengi ya Basotho. Mwaka wa 1851 Warden alileta vita, akapigwa Viervoet. Mwezi wa kumi na mbili wa 1852 akaja gavana Cathcart mwenyewe na jeshi. Alidai ngombe 10,000 na farasi 1,000 kwa siku tatu. Moshoeshoe alipata ngombe 3,500 tu. Tarehe 20 Cathcart alipanda mulima wa Berea. Maelfu ya Basotho juu ya farasi walimungojea, na Wangereza 38 walikufa siku ile.

Sasa sikilizeni alivyofanya yule mwenye kushinda. Usiku uleule, Basotho wakiimba, yeye alitumisha barua kwa Cathcart. Alisema amekwisha kuadhibiwa, ngombe zilizochukuliwa zinatosha, na anaomba amani. Cathcart, ambaye alikuwa anatafuta mulango wa kutokea, alikubali mbio, akarudi kwao na sifa yake. Vijana wa Thaba Bosiu hawakufurahi. Lakini muzee alijua kwamba Mwingereza aliyepigwa na kupata haya atarudi na jeshi mara kumi, na Mwingereza aliyeachiwa heshima yake anaweza kuwa rafiki kesho.

Kesho ile ilikawia sana. Wangereza walichoka na gharama, na tarehe 23 mwezi wa pili wa 1854, kule Bloemfontein, wakaachia Waboere inchi yao, ikaitwa Orange Free State. Mapatano yale yalisema kwamba Wangereza hawatafanya urafiki na machifu weusi wa upande ule kama urafiki wenyewe unaweza kuwaumiza Waboere. Waboere waliruhusiwa kununua baruti katika koloni za Wangereza. Mupaka wa Basotho haukuandikwa hata kidogo. Tangu siku ile, kila wakati Moshoeshoe alipobisha hodi kwa Wangereza, Waboere walionyesha karatasi ile na kusema hairuhusiwi.

Nataka kuwa wa haki kwa Waboere pia. Vijana wa Basotho, na hata wana wa mufalme, walivuka muto usiku na kuiba ngombe na farasi zao. Muzee aliahidi mara nyingi kuwazuia, na mara nyingi hakuweza, ao hakutaka sana. Na mwaka wa 1853 yeye mwenyewe alikuwa amewapiga Batlokoa wa Sekonyela na kuchukua inchi yao. Hakuwa malaika.

Vita ya kwanza na Free State ilikuja mwaka wa 1858. Waboere walishambulia misioni ya Beersheba, wakachoma na kupora nyumba za misioni kule Morija. Arbousset alikimbilia mulimani. Walipofika chini ya Thaba Bosiu wakainua macho, wakaona yale mawe, na kwa wakati ule wapanda farasi wa Basotho walikuwa nyuma yao wanachoma mashamba. Wakarudi nyumbani. Gavana wa Cape, George Grey, akapatanisha.

Casalis alikuwa amekwisha kurudi Ufaransa tangu 1855. Moshoeshoe alikuwa muzee wa zaidi ya miaka 70, na wanawe hawakupatana. Mwaka wa 1860 alisafiri mpaka Aliwal North kumusalimu Alfred, mwana wa Malkia Victoria. Kiisha akamuomba gavana mupya, Wodehouse, achukue Basotho chini ya Malkia. Mwezi wa pili wa 1862 wajumbe wawili walitumwa kumuuliza anataka nini kabisa. Jibu lake njo kiini cha mabishano yetu. Hakuomba Wangereza watawale Basotho. Alitaka akae chini ya Malkia, na Basotho wakae chini yake, na sheria zao zibaki. Alitaka mujumbe mumoja wa Malkia akae karibu naye na kuwa mulomo wa kusemea na Wazungu. Mahakimu wa Wazungu hakuwataka bado, maana watu wangefikiri wametawaliwa. Alikuwa anaomba mwavuli, lakini mukono wa kushika mwavuli ubaki wake.

London ilikataa. Ilisema gharama ni nyingi, na Free State itachukizwa.

Mwaka wa 1865 Rais mupya wa Free State, Brand, alianza vita kubwa, ile Basotho wanaiita vita ya Seqiti, juu ya mulio wa mizinga. Mwezi wa nane, tarehe 15, kamanda Louw Wepener alijaribu kupanda njia ya Khubelu ku Thaba Bosiu, akauawa pale njiani. Waboere waliona kwamba mulima hautapandwa. Basi waliuacha mulima, wakapiga tumbo. Walichoma mutama na mahindi, wakachukua ngombe kwa maelfu, kijiji kwa kijiji. Molapo, mwana wa pili wa mufalme, alifanya amani yake peke yake na kuwa mutu wa Free State. Nafikiri siku ile ilimuumiza muzee kuliko mizinga yote.

Mwezi wa nne wa 1866 Moshoeshoe alitia kidole katika mapatano yaliyochukua sehemu kubwa ya mashamba yake. Basotho wanayaita Amani ya Mutama, maana yake walikubali tu ili wapate kuvuna. Wamisionere Wafransa walifukuzwa katika misioni nyingi za sehemu zilizochukuliwa. Waboere walipokuja kupima mashamba yao mapya, walikuta Basotho wamelima tena kana kwamba hakuna kitu kilichoandikwa, na mwaka wa 1867 vita ikawaka tena. Sasa njaa ilikuwa ya kweli. Muzee wa zaidi ya miaka 80 alituma barua nyuma ya barua, kwa Wodehouse ku Cape, na kwa Wangereza wa Natal pia, akisema awe chini ya nani, haizuru, mradi ni Malkia na si Free State.

Mara hii mulango ulifunguka. Wangereza hawakupenda Waboere wafike mpaka pwani ya bahari, na hawakutaka Basotho wenye njaa wakimbilie koloni zao kwa maelfu. Sikuandika kwamba waliguswa na huruma tu, maana mwalimu wetu wa historia angeweka alama nyekundu. Tarehe 12 mwezi wa tatu wa 1868, Wodehouse alitangaza kwamba Basotho ni watu wa Malkia na inchi yao ni inchi ya Wangereza.

Free State ilipiga kelele. Walisema vita walikuwa karibu kuimaliza, walisema mapatano ya 1854 yamevunjwa, wakatuma wajumbe mpaka London. Kule waliambiwa warudi kusema na Wodehouse. Huyu alikuwa amezuia baruti isiwafikie, na polisi wake wa farasi walikuwa wamekwisha kuingia Lesotho. Waboere hawakutaka kupigana na Malkia. Vita ikasimama, na watu wakashuka katika mapango kulima.

Lakini bei ililipwa. Mwezi wa pili wa 1869, kule Aliwal North, Wodehouse alikaa na watu wa Free State wakachora mupaka, na Moshoeshoe hakuitwa mezani. Sehemu ya Molapo ilirudi, lakini udongo wote muzuri wa magaribi ya Mohokare ulibaki kwa Waboere. Mwana wa mufalme, Tsekelo, alikwenda mpaka London pamoja na mumisionere Daumas kulalamika. Haikusaidia. Mpaka leo muto ule ni mupaka, na leo Lesotho imezungukwa na Afrika ya Kusini pande zote.

Mwanzo wa 1870 muzee alimuachia Letsie, mwana wake wa kwanza, utawala. Alikuwa ameamua kubatizwa. Waprotestanti walimungoja, na Wakatoliki, ambao walikuwa wamefika katika inchi mwaka wa 1862, nao walimungoja. Alikufa tarehe 11 mwezi wa tatu wa 1870, mbele ya ubatizo. Watu walimuzika juu ya Thaba Bosiu.

Sasa narudi kwa mwenzetu wa kalasi ya tano. Neno lake lina nguvu, na sitalificha. Mwaka uliofuata, 1871, Wangereza waliwapa Basotho kwa koloni ya Cape bila kuwauliza. Mwaka wa 1880 koloni ile ilitaka kuwanyanganya bunduki zao. Mwavuli ulikuwa umegeuka fimbo. Lakini Basotho walikataa kutoa bunduki, wakapigana mpaka 1881, na Cape ikashindwa. Mwaka wa 1884 London ikawachukua tena moja kwa moja. Wazungu wa Afrika ya Kusini walipounganisha inchi yao mwaka wa 1910, walitaka Lesotho iingie pia. Basotho walishika ile ahadi ya muzee wao na Malkia, wakakataa, na kwa sababu hiyo sheria za ubaguzi wa rangi hazikupata kutawala Thaba Bosiu. Tarehe 4 mwezi wa kumi wa 1966 walipata uhuru wao.

Kwa kulinganisha, nilifikiri juu ya Msiri wa Bunkeya, huku kwetu Katanga. Yeye pia alipokea wamisionere, Arnot alifika kwake mwaka wa 1886. Alipoombwa akubali bendera ya Léopold alikataa, na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili wa 1891 akapigwa risasi akafa. Inchi yake ikachukuliwa vilevile. Yeye hakuwa na Malkia wa kuita. Mimi siwezi kusema Msiri alikuwa mupumbavu, hata kidogo. Lakini Moshoeshoe alichagua bendera gani, alichagua saa gani, na alitaja masharti yake mbele. Mwenye kuuza haombi miaka saba ili muzigo wake ubaki kwake. Ndugu yetu akiwa na jibu, nafasi ya toleo linalokuja iko yake, na mimi mwenyewe nitamusaidia kupiga stensili.

Basotho wanakumbuka Siku ya Moshoeshoe kila tarehe 11 ya mwezi wa tatu. Siku ile hakuna masomo.